Kura hubandikwa mlangoni, na pesa nazo zibandikwe: barua ya wazi kutoka Amu

Kwa Mwenyekiti na makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), na kwa Waziri wa Fedha, Hazina ya Taifa, Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote barua moja, ingawa ofisi zenu ni mbili na kazi zenu ni mbali mbali, kwa sababu huku kwetu Amu, yaani mji wa Lamu, manung'uniko ya kura na manung'uniko ya pesa hayatenganishwi. Anayeanza kwa kulalamikia bei ya petroli pale gatini humalizia kwa kuuliza kura za 2022 zilihesabiwaje, na anayeanza kwa kura humalizia kwa ada ya SHA, bima ya afya ya serikali. Mimi ni karani wa kikundi cha wavuvi, na mwaka 2022 nilikuwa wakala wa mgombea mmoja katika kituo cha kupigia kura hapa kisiwani, kwa hivyo fomu za upande mmoja na risiti za upande wa pili zote zimepita mikononi mwangu.

Ombi langu nalitaja mapema ili msilazimike kulitafuta. Naiomba Tume iulinde na kuukamilisha utaratibu wa kubandika matokeo mlangoni mwa kila kituo tarehe 10 Agosti 2027, na naiomba Hazina iuige utaratibu huo huo kwa fedha za umma, kwa kubandika katika kila wadi karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza kilichokusanywa na kilikokwenda.

Naanza na kura. Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022 tulihesabu kura mbele ya macho yetu, mawakala wa pande zote tukiwa tumejipanga ukutani mwa darasa, na afisa msimamizi wa kituo akiinua kila karatasi ya kura, akiitangaza na kutuonyesha kabla ya kuiweka penye fungu lake. Tulipomaliza tulitia saini Fomu 34A, kila wakala akapewa nakala yake, nyingine ikabandikwa mlangoni, na picha yake ikatumwa kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha Tume, mpaka kwenye tovuti ya Tume, ambako Mkenya yeyote mwenye simu aliweza kuiona. Fomu yenyewe ni karatasi moja tu: jina la kituo, idadi ya waliosajiliwa, kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa na saini zetu. Asubuhi yake hapakuwa na mtu mtaani asiyejua nani amepata ngapi katika kituo chetu, na sikumsikia hata mmoja aliyebisha. Walioshindwa pale kituoni walinuna, lakini walinuna mbele ya karatasi waliyoisoma wenyewe.

Ubishi ulitokea mbali nasi, kule Bomas jijini Nairobi, matokeo ya taifa yalikojumlishwa. Tarehe 15 Agosti marehemu Wafula Chebukati, Mwenyekiti wa Tume wakati huo, alimtangaza William Ruto kuwa mshindi kwa kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, dhidi ya kura 6,942,930 za marehemu Raila Odinga, sawa na asilimia 48.85. Tofauti ilikuwa kura 233,211 katika nchi nzima. Muda mfupi kabla ya tangazo hilo, makamishna wanne kati ya saba walikuwa mahali pengine jijini wakiwaambia waandishi wa habari kwamba hawawezi kuyamiliki matokeo yanayokuja, na kesho yake wakaleta hoja kwamba asilimia za wagombea wote wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni kura kama 142,000.

Hapa niseme bila kumung'unya maneno: hoja ile haikuwa na miguu. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2, na asilimia 0.01 yake ni kura 1,400 na kidogo, wala hata hizo hazikuongezwa na mtu bali zilitokana na kukadiria desimali. Mwanafunzi wa darasa la saba angeisahihisha. Lakini ilitoka kwa makamishna wenyewe, na kwa karibu wiki tatu, mpaka Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi tarehe 5 Septemba, ilikuwa ikizunguka barazani kama ushahidi. Nilijaribu kuwafanyia watu hesabu hiyo kwa kalamu, na jibu nililopata mara nyingi lilikuwa kwamba ikiwa wakubwa wanne wa Tume wamesema, karani wa wavuvi ni nani wa kupinga.

Hata hivyo kosa lao la hesabu halimwondolei lawama aliyekuwa Mwenyekiti. Tume ya watu saba iliyofika siku ya mwisho imegawanyika wanne kwa watatu, na wale wengi wakidai kwamba jumla ya mwisho ilifanywa pasipo wao, haiwezi kuwashangaa wananchi wanaoitilia shaka. Majaji wote saba wa Mahakama ya Juu waliyathibitisha matokeo, nami nauheshimu uamuzi huo. Fomu zilizoletwa mahakamani zililinganishwa na zile za tovuti na hazikuonekana kuwa zimebadilishwa. Hiyo maana yake ni kwamba karatasi ya mlangoni ilisimama imara. Kilichoyumba ni meza ya juu. Mnadani kwetu samaki hupimwa mbele ya mvuvi na mnunuzi, na mizani ikihamishiwa chumba cha nyuma, hata ikitoa uzito wa kweli, atakayepokea pesa ataondoka akiguna.

Ndipo nasema kwamba kazi ya Tume ya sasa, iliyoapishwa Julai 2025 chini ya Erastus Ethekon, si kubuni mitambo mipya ya kutuvutia bali ni kuufikisha uwazi wa mlangoni mpaka ghorofa ya juu kabisa. Mwaka 2022 Tume ilituwekea picha za fomu, jambo jema lisilosahaulika, lakini haikutuonyesha jumla inayokwenda. Vyombo vya habari viliachiwa vijumlishe vyenyewe, kila stesheni ikawa na namba zake, na baada ya siku moja au mbili baadhi vikapunguza kasi au kunyamaza, na kimya hicho kikajazwa na uvumi. Jumla ya kila eneobunge, yaani Fomu 34B, ionekane inapoingia, na hesabu ya taifa isogee mbele ya macho yetu. Makamishna wote saba waitie saini jumla ya mwisho, na asiyekubaliana nayo aandike sababu yake kwenye karatasi hiyo hiyo, kabla ya tangazo na si baada yake.

Liko jambo dogo la huku kwetu ambalo Nairobi haliwajii akilini. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi. Masanduku ya Kiwayu, Ndau na visiwa vingine vya Lamu Mashariki husafiri kwa boti katika bahari ambayo wakati huo wa mwaka hata mabaharia wazoefu huichungulia kwanza asubuhi, na fomu iliyobandikwa mlangoni kwa gundi hafifu hung'olewa na upepo au kuloweshwa na manyunyu kabla ya alasiri. Itieni nailoni na muipigilie misumari. Wala sanduku lisitoke kituoni kabla fomu haijabandikwa, kwa sababu likishaingia botini, wale waliobaki nyuma hawana tena cha kushika ila karatasi ile.

Sihitaji kuwakumbusha kwa kirefu tulikotoka. Uchaguzi wa 2007 uliua watu zaidi ya 1,100, na tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ikahitimisha kwamba haiwezekani kujua nani hasa alishinda. Wa 2017 ulibatilishwa na Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga. Jambo linalonitia hofu zaidi kuliko hayo ni la kimya kimya: mwaka 2013 walijitokeza karibu asilimia 86 ya waliosajiliwa, na mwaka 2022 karibu asilimia 65. Hao waliobaki nyumbani hawakuandamana wala hawakwenda mahakamani, na kwa sababu hawakupiga kelele hakuna aliyewauliza sababu. Vijana wa hapa mtaani hunieleza yao bila kuficha, kwamba kura haihesabiwi na hata ikihesabiwa haibadilishi bei ya unga.

Kisha tukakaa bila Tume. Tangu Januari 2023, muda wa Chebukati ulipokwisha, hadi Julai 2025, nchi haikuwa na makamishna. Majirani zetu wa Magarini, kaskazini mwa Malindi, walibaki bila mbunge baada ya mahakama kubatilisha uchaguzi wa eneo lao, na hapakuwa na mtu wa kuwaandalia uchaguzi mdogo mpaka tarehe 27 Novemba 2025. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipopita bungeni mwezi Juni mwaka huo, hawakuwa na sauti ndani, lakini hakuna aliyewapunguzia ushuru kwa sababu hiyo.

Hapo nageuka kwako, Mheshimiwa Waziri. Rais aliapishwa tarehe 13 Septemba 2022, na siku iliyofuata bei ya petroli ikatangazwa bila ruzuku, ikapanda kwa zaidi ya shilingi 20 kwa lita. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ukatoka asilimia 8 ukafika 16, na Septemba lita ikavuka shilingi 200. Ukaja ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, ukaja mchango wa afya wa asilimia 2.75 ya mapato, na kwa asiye na mshahara kama mvuvi ni kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Sikatai kwamba ziko sababu. Deni la taifa limepita shilingi trilioni 11, zaidi ya nusu ya kodi inakwenda kulipa madeni, na Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba inayokaribia asilimia 10 ili kupunguza deni jingine la dola bilioni 2 lililochukuliwa mwaka 2014. Nakubali pia kwamba shilingi, iliyokuwa imefika kama 160 kwa dola Januari 2024, ilirudi hadi kama 129, na kwamba mfumuko wa bei ulishuka. Lakini bei inayopanda polepole bado inapanda, na mama anayenunua mafuta ya kupikia kwa kikombe hajaona bei ikirudi ilikokuwa.

Nitachukua ushuru mmoja tu nieleze unavyoonekana ukiwa Amu. Kila lita ya petroli ina ndani yake ushuru wa matengenezo ya barabara. Ulikuwa shilingi 18, na Julai 2024, wiki chache tu baada ya vijana kuandamana nchi nzima kupinga Mswada wa Fedha, makumi yao kuuawa na Rais kuuondoa mswada huo, ushuru huu ukapandishwa hadi shilingi 25 bila kupitia mswada wowote. Mvuvi wa injini ya kupachika anayetoka na lita 40 kwenda nje ya Kizingitini amekwisha kulipa shilingi 1,000 za kutengeneza barabara kabla hajatupa nyavu. Barabara ipi? Mji wenyewe wa Amu una vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, na njia aitumiayo yeye ni mkondo wa Mkanda, ambao maji yakipwa hana budi kusubiri yajae. Safari ikiwa mbaya na akarudi na kapu tupu, ile elfu moja hairudi. Baadaye magavana na wabunge walifikishana mahakamani wakigombania nani azitumie fedha za ushuru huo, na katika mzozo wote ule mvuvi hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Sisemi asilipe. Nasema aonyeshwe. Watu wa hapa si wageni wa kulipa wala wa kungoja, na hata bandari imetufundisha hilo. Jiwe la msingi la bandari ya Lamu liliwekwa Machi 2012 mbele ya marais wa Kenya na Sudan Kusini na Waziri Mkuu wa Ethiopia, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, na yaliyojengwa ni magati 3 kati ya 32 yaliyotajwa hapo mwanzoni. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa maeneo ya uvuvi yaliyoharibiwa na ujenzi huo. Kiasi hicho kila mvuvi anakijua kwa moyo, lakini sijawahi kuona mahali palipobandikwa karatasi ya kueleza fedha hizo zimefika wapi, zimebaki kwa nani na kwa sababu gani. Pasipo karatasi, kila mkutano hugeuka kuwa wa kutuhumiana sisi kwa sisi: nani jina lake limo, nani si mvuvi bali aliingizwa.

Najua nitajibiwa kwamba taarifa zote zipo. Ni kweli, zipo. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa zake, na mimi mwenyewe nimekaa usiku nikizisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Ni mamia ya kurasa, kwa Kiingereza, zenye majedwali ambayo hata mhasibu huyarudia mara mbili, na ziko kwenye tovuti ambayo mtu wa Kiunga huifikia mtandao ukipenda. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na kifungu cha 201 kinataka uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Uwazi wa kurasa 500 ni wa wachache wenye muda. Kama matokeo ya kituo chetu yangetolewa kwa mtindo huo, hakuna ambaye angejua nani kashinda mpaka leo.

Karatasi ninayoiomba inaweza kutengenezwa na karani yeyote wa Hazina kwa siku moja. Upande wa juu iseme robo ya mwaka iliyopita serikali ilikusanya kiasi gani, kiasi gani kilikwenda kwenye madeni, kiasi gani kwenye mishahara, kiasi gani kilipelekwa kaunti, na kilipelekwa tarehe ngapi. Tarehe ni muhimu, maana kifungu cha 219 kinataka fedha za kaunti zipelekwe bila kuchelewa, lakini zinapochelewa Gavana huinyoshea kidole Hazina na Hazina humnyoshea Gavana, na muuguzi wa zahanati hubaki katikati hana dawa wala mshahara. Mwaka wa fedha wa 2024/25 kaunti zilitengewa bilioni 400.1, kisha zikapunguziwa hadi bilioni 387.4 mswada ulipoondolewa. Wangapi hapa walijua kiasi gani cha punguzo hilo kiliangukia Lamu, na ni mradi gani uliokatwa? Upande wa chini iandikwe wadi yenyewe: miradi iliyopangwa, iliyolipiwa, iliyosimama, na jina la ofisi inayohusika. Isainiwe na afisa wa Hazina na afisa wa kaunti kwa pamoja, ili pasiwe na wa kumsukumia mwenzake, kisha ibandikwe kwenye ofisi ya chifu, kwenye zahanati na gatini.

Itawaletea maswali, bila shaka. Watakuja watu na kalamu, wengine wakiwa wamekosea hesabu kama walivyokosea wale makamishna wanne, na itabidi afisa asimame awajibu. Hilo ndilo jambo ambalo wakala na afisa msimamizi wa kituo walilifanya mwaka 2022 mbele ya watu waliochoka na wenye hasira, usiku kucha, katika maelfu ya madarasa, na kituo chetu kilifungwa kwa amani.

Kwa Tume, nitashukuru mkituambia kabla ya uandikishaji wa wapiga kura kufungwa namna mtakavyoionyesha jumla ya taifa inavyokwenda, na mpango wenu wa kusafirisha masanduku ya visiwani wakati wa kusi. Kwa Hazina, anzeni na kaunti moja ya majaribio ikiwa 47 ni nyingi. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019, ni ndogo, na wadi zake ni kumi tu. Misumari na nailoni kikundi chetu kitatoa.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa Gavana, kwa Seneta na kwa wabunge wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi.

Wenu,
Karani wa kikundi cha wavuvi,
Langoni, Amu.